Waranti ikikataliwa dukani, mnunuzi bado ana haki

KATIKA maduka ya vifaa vya umeme kwenye barabara ya Luthuli jijini Nairobi, na mengine yanayofanana nayo Nakuru, Eldoret, Kisumu na Mombasa, risiti nyingi huwa na sentensi moja chini kabisa kwa herufi ndogo: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Mnunuzi huikunja risiti, akaitia mfukoni na kubeba runinga yake. Sentensi hiyo huja kukumbukwa siku kifaa kinapokataa kuwaka na muuzaji anaposema waranti haihusu shida ya aina hiyo.

Wengi huishia hapo. Fundi wa mtaani huitwa, kifaa kikafunguliwa, na hasara ya simu ya Sh12,000 au friji ya Sh40,000 ikamezwa kimya kimya. Kwa mkulima aliyenunua mashine ya kuangulia vifaranga, pampu ya sola au friji ya maziwa, hasara haikomi kwenye kifaa. Mayai huoza, maziwa huharibika na miche hukauka huku mabishano yakiendelea dukani.

Lakini sentensi ile ya risiti haina nguvu ambayo wauzaji wengi hudhani inayo. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika Machi 2013, kinasema muuzaji anachukuliwa kuwa ametoa hakikisho kwamba bidhaa aliyouza ina ubora wa kufaa kuuzwa. Si lazima aliandike hakikisho hilo wala alitamke. Kifungu hicho hicho kinabatilisha maneno yoyote, yawe ndani ya mkataba au nje yake, yanayojaribu kuliondoa au kulipunguza. Muuzaji anaweza kuyachapisha kwenye risiti, kuyabandika ukutani au kumtaka mteja ayatilie sahihi. Bado hayamwondolei wajibu wake.

Juu ya sheria hiyo kuna Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 46 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, kupewa habari anazohitaji ili bidhaa imfae, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Na kabla ya zote kulikuwapo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, sura ya 31, ambayo imetumika humu nchini tangu 1931 na ambayo ilifuata kwa karibu sana ile ya Uingereza ya mwaka 1893.

Ndani ya sheria hiyo kongwe kuna jambo ambalo wanunuzi wachache wanalifahamu. Kifungu cha 16 hakiuiti ubora wa bidhaa waranti. Kinauita sharti. Katika lugha ya sheria, waranti ni ahadi ndogo ambayo ikivunjwa mnunuzi hudai fidia pekee, lakini sharti likivunjwa anaweza kukikataa kifaa chenyewe na kudai pesa zake. Kwa hivyo kadi ya waranti ambayo watu huibishania sana dukani ni nyongeza tu. Haki kubwa zaidi haikuandikwa humo, na muuzaji anapoitupa kadi mezani akisema imekataliwa, hajaigusa haki hiyo.

Ni vyema pia kutenda haki kwa muuzaji. Sheria haimpi mteja ruhusa ya kubadilisha nia. Aliyenunua redio akafika nyumbani na kuona rangi haimpendezi, au akakuta ya bei nafuu kwingine, hana la kudai isipokuwa duka lenyewe liwe limeahidi kumbadilishia. Aliyeonyeshwa mkwaruzo kwenye friji akapunguziwa bei hawezi kurudi mwezi ujao kuulalamikia mkwaruzo huo huo. Na simu ya mtumba inayouzwa na mfanyabiashara wa simu lazima ifanye kazi, ila hakuna mwamuzi atakayetarajia betri yake ikae na chaji kama ya simu mpya.

Ikiwa sheria ni nzuri kiasi hiki, mbona mnunuzi hushindwa mara nyingi? Jibu ni kwamba sheria za Kenya zimesema mengi kuhusu ubora lakini hazikuhesabu siku. Hazisemi mnunuzi ana muda gani wa kurudisha kifaa kibovu. Hazisemi ni nani mwenye kuchagua kati ya kutengenezewa, kubadilishiwa na kurejeshewa pesa. Wala hazisemi fundi wa duka apewe nafasi ngapi za kujaribu kabla ya kukubali kwamba ameshindwa. Kila mahali zimeweka neno moja, muda wa kadiri, na neno hilo hutafsiriwa na aliye nyuma ya kaunta.

Kwingine mambo hayakuachwa hivyo. Nchini Afrika Kusini, sheria ya watumiaji ya mwaka 2008 inampa mnunuzi miezi sita ya kurudisha bidhaa yenye kasoro, na ni yeye anayechagua itengenezwe, ibadilishwe au arejeshewe pesa. Ikitengenezwa na kuharibika tena ndani ya miezi mitatu, muuzaji hana ruhusa ya kuitengeneza mara ya pili. Atabadilisha au atarudisha pesa. Uingereza, ambako ndiko sheria ya Kenya ilikotoka, ilikwisha kuondoka kwenye maneno ya 1893. Tangu sheria yake ya 2015, mteja ana siku 30 za kurudisha kifaa kibovu na kupewa pesa zake zote. Kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita, mteja anayetaka kutengenezewa au kubadilishiwa hahitaji kuthibitisha kwamba ilikuwapo tangu siku ya mauzo. Ni muuzaji atakayethibitisha kwamba haikuwapo.

Hilo la mwisho ndilo pengo kubwa zaidi kwa mnunuzi wa Kenya. Hapa anayedai ndiye anayethibitisha. Mwenye runinga iliyozima baada ya wiki tano lazima aonyeshe kwamba kasoro ilitoka nayo dukani, ilhali hana vifaa vya kupimia wala ujuzi, na runinga yenyewe iko mikononi mwa fundi wa yule anayebishana naye.

Hata hivyo, mzigo huo una upande wa pili ambao wauzaji hupenda kuusahau. Sheria ya Ushahidi, sura ya 80, inasema anayetaka mahakama iamini jambo fulani mahususi ndiye mwenye kulithibitisha. Muuzaji akisema simu iliingia maji, hiyo ni kauli yake na ni juu yake kuionyesha. Akisema skrini ilipigwa na kitu, aonyeshe alama ya pigo. Kumwambia mteja kwa mdomo kwamba "fundi amesema ni wewe" si ushahidi. Mnunuzi anafaa kuomba ripoti hiyo kwa maandishi, ikiwa na jina la fundi, tarehe, kilichopimwa na kilichopatikana. Mabishano mengi hulegea mara tu ombi hilo linapotolewa, maana fundi anayekubali kusema lolote mbele ya kaunta huwa mwangalifu anapotakiwa kutia sahihi.

Ndiyo maana kesi nyingi za namna hii huamuliwa siku kifaa kinaporudishwa, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kumwona wakili. Mteja anayempa mhudumu friji yake na kuondoka mikono mitupu amejifunga mwenyewe. Anayepiga picha za kifaa pande zote, akarekodi video fupi kikikataa kuwaka, na kudai karatasi ya kupokelewa inayotaja kasoro, hali ya nje ya kifaa na nambari yake iliyobandikwa nyuma, ana cha kusimamia. Kwa simu, nambari hiyo ni IMEI, ambayo huonekana kwa kubonyeza *#06#. Kuna visa vya wateja kurudishiwa kifaa kikiwa na mkwaruzo ambao hakikwenda nao, na mkwaruzo huo ukawa sababu ya kukataliwa kwa waranti.

Jambo jingine ni kutokifungua kifaa. Fundi wa mtaani anaweza kuwa hodari kuliko yule wa kampuni, lakini kibandiko cha kiwanda kikishakatwa, muuzaji amepata sababu nyepesi ya kukataa. Ikiwa maoni ya fundi wa kujitegemea yanahitajika, yatafutwe baada ya duka kukataa kwa maandishi, na fundi huyo aandike alichokikuta kabla hajagusa chochote.

Stima ni ubishi wa pekee. Hakuna sababu inayotajwa na wauzaji mara nyingi kuliko stima kupanda na kushuka, na katika maeneo mengi ya mashambani hakuna anayeweza kusema ni uongo. Kadi nyingi za waranti huondoa madhara ya umeme. Lakini ubovu wa stima huacha alama. Fyuzi huungua, sehemu inayopokea umeme huchomeka, na mara nyingi vifaa vingine ndani ya nyumba au kwa jirani huathirika siku hiyo hiyo. Friji inapokufa peke yake wakati runinga, redio na taa zote zinaendelea kufanya kazi kwenye laini ile ile, maelezo ya stima yanahitaji kuungwa mkono na jambo zaidi. Na kama kweli ni stima iliyoua kifaa, basi aliyeiuza stima hiyo ana maswali ya kujibu, kwa kuwa Sheria ya Kawi ya 2019 inatambua dai la fidia kwa mali iliyoharibiwa na umeme usio na ubora. Mnunuzi aandikishe lalamiko lake mapema na kuhifadhi nambari ya lalamiko.

Sababu ya pili inayopendwa ni kwamba muda wa waranti umekwisha. Hapa pana hila inayostahili kukemewa. Kifaa hupelekwa dukani mwezi wa kumi, kikakaa kwa fundi wiki sita, kikarudi, kikaharibika tena kwa shida ile ile, na kinapopelekwa mara ya pili mteja anaambiwa mwaka umepita. Kasoro iliyoripotiwa ndani ya muda haifi kwa sababu fundi amechelewa. Aidha, muda ulioandikwa kwenye kadi ni wa ahadi ya kadi pekee. Sheria ya muda wa kufungua kesi, sura ya 22, inatoa miaka sita kwa madai yanayotokana na mkataba. Hilo halina maana kwamba kila simu lazima idumu miaka sita, la hasha. Maana yake ni kwamba friji ambayo mashine yake ya kupoza inakufa mwezi wa kumi na nne, ikiwa imetunzwa vyema, inaweza bado kuzua swali la iwapo ilikuwa na ubora wa kuuzwa, na swali hilo halijibiwi kwa kutazama kadi tu.

Lakini anayekaa kimya huumia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inasema mnunuzi aliyekaa na bidhaa kupita muda wa kadiri bila kumjulisha muuzaji kwamba anaikataa, huchukuliwa kuwa ameipokea. Akishaipokea, haki ya kuirudisha na kudai pesa zote huondoka, ikabaki ya fidia tu. Ujumbe wa simu unaotumwa siku ya kwanza kasoro inapoonekana, ukisema wazi kwamba kifaa ni kibovu na kinakataliwa, una thamani kubwa kuliko ziara tano za baadaye zisizo na maandishi.

Kisha kuna mteja anayeambiwa aende kwa kampuni yenyewe, kwenye kituo cha huduma kilicho Nairobi, hata kama alinunua kifaa Kitale. Kuenda huko kunaweza kuwa njia ya haraka, na kwa vifaa vya majina makubwa huwa hivyo mara nyingi. Lakini si lazima. Mkataba wa mauzo uko kati ya aliyetoa pesa na aliyezipokea. Ahadi ya kiwanda huongezwa juu ya wajibu wa muuzaji, haiuchukui. Hili hujitokeza zaidi kwa simu na runinga zilizoletwa kutoka Dubai nje ya mawakala rasmi. Kituo cha huduma humwambia mteja kwamba kifaa chake hakikukusudiwa soko la Kenya, na muuzaji humwambia kwamba yeye hatengenezi. Kati ya hao wawili, mwenye wajibu ni muuzaji. Na ikiwa alimwambia mteja kwamba simu ina waranti ya kampuni ilhali akijua kampuni haitaitambua, ameingia pabaya zaidi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, kifungu cha 55, inakataza kumpotosha mteja kuhusu kuwapo au athari ya waranti.

Wauzaji nao wana kilio chao, na si cha uongo. Mwenye kibanda huuza kwa faida ndogo mno. Akirudisha pesa za runinga moja amekula faida ya kadhaa, na msambazaji aliyemuuzia kwa jumla, pengine bila karatasi yoyote, hataki kumsikiliza. Wako pia wateja wanaotumbukiza simu kwenye ndoo kisha wakaapa kwamba ilizima yenyewe. Yote hayo ni kweli. Lakini sheria ile ile inayomlinda mteja dhidi ya mwenye kibanda inamlinda mwenye kibanda dhidi ya msambazaji, kwa kuwa naye ni mnunuzi. Anayenunua bila risiti kwa sababu ni nafuu ndiye aliyechagua kubeba hatari hiyo, na hana msingi wa kumpokeza mteja aliyelipa bei kamili.

Kwa wakulima, hesabu ni kubwa zaidi. Chukulia mfugaji aliyenunua mashine ya kuangulia mayai 264 kwa Sh45,000. Mayai ya kuku huchukua siku 21 na huhitaji joto la karibu nyuzi 37.5 za Selsiasi bila kuyumba sana. Kidhibiti joto kikifeli siku ya 12, kundi zima limepotea. Kama alinunua yai moja lenye mbegu kwa Sh25, mayai pekee ni Sh6,600, kando na stima iliyotumika na vifaranga ambavyo pengine vilikuwa na wateja wanaosubiri. Kadi ya waranti itasema duka litabadilisha kidhibiti joto tu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inasema fidia ni hasara inayotokana moja kwa moja, kwa kawaida ya mambo, na kasoro yenyewe. Ni vigumu kuona hasara ya moja kwa moja kuliko mayai yaliyokufa ndani ya mashine iliyouzwa kwa kazi hiyo hiyo.

Muuzaji atajaribu kumwambia kwamba yeye ni mfanyabiashara, si mtumiaji wa kawaida. Hata akifaulu katika hoja hiyo, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa haibagui kati ya mfugaji na mama wa nyumbani. Tofauti ni kwamba katika sheria hiyo kongwe pande mbili zinaweza kukubaliana kuondoa sharti la ubora, kwa hivyo chama cha ushirika au kampuni inayonunua pampu kadhaa isome karatasi kabla ya kutia sahihi. Mfugaji naye ana kazi ya kufanya. Daftari la joto la kila siku, risiti ya mayai na ujumbe kutoka kwa wateja wa vifaranga ndivyo vitakavyogeuza kilio kuwa hesabu. Tena atatarajiwa kupunguza hasara. Aliyeona joto linapanda asubuhi akaacha mashine ikiwaka hadi jioni atalipwa pungufu, kama atalipwa.

Walionunua sola, simu au pampu kwa kulipa pole pole wako katika hali ngumu ya aina yake. Kifaa kinaharibika mwezi wa tatu na malipo yanaendelea hadi wa kumi na nane. Sheria humruhusu mnunuzi kuiweka kasoro dhidi ya bei anayodaiwa, lakini kuacha kulipa bila kuandika lolote ni hatari, kwani kifaa kinaweza kufungwa kutoka mbali na jina lake kupelekwa kwa wanaohifadhi rekodi za mikopo. Barua kwanza, ndipo mengine.

Mazungumzo yakishindikana, mnunuzi aandike barua ya madai yenye tarehe ya ununuzi, kasoro, anachotaka na siku 14 za kujibiwa. Baada ya hapo ana milango miwili. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya (CAK) hupokea malalamishi ya watumiaji, na inafaa hasa pale mteja alipopotoshwa au duka linapowatendea wengi vivyo hivyo. Lakini kwa mtu mmoja anayetaka pesa zake, Mahakama ya Madai Madogo ndiyo imebadilisha mambo. Ilianza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021 na baadaye ikafunguliwa katika miji mingine. Husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, wakili si wa lazima, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Rufaa huenda Mahakama Kuu kwa masuala ya sheria pekee, jambo linalomzuia muuzaji mwenye pesa kumchosha mteja kwa kurudia ushahidi upya.

Mahakama hiyo itamtaka mlalamishi aseme anamshtaki nani, na wengi hukwama papo hapo. Jina lililo kwenye bango la duka si lazima liwe lililosajiliwa, na katika majengo yenye vibanda vingi, aliyekuwa nambari 14 mwaka jana anaweza kuwa amehama. Risiti ya ushuru huonyesha jina la mfanyabiashara na PIN yake ya KRA, na kwa jina hilo mtu anaweza kuomba habari za usajili kupitia eCitizen na kuwajua wenye biashara. Aliyepewa kijikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu, au aliyelipa kwa M-Pesa kwenye nambari ya mtu binafsi, achukue walau taarifa ya malipo hayo, kwa kuwa humo mna jina la aliyepokea.